Mkataba wa Mashine ya Kizwite

Kariakoo, Dar es Salaam
11 Machi 2001

Dada yangu Avelina,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie kwamba hata huku mjini naitoa nikiwa nimechuchumaa kama alivyotufundisha, wateja wakinishangaa.

Mimi ni mzima, ila kazi zimenizidi. Mashine za watu zimepanga foleni zikinisubiri, na tajiri wangu hanipi nafasi hata ya kumaliza kikombe cha chai. Kwa hiyo Pasaka hii sitaweza kuja. Mwakani Mungu akipenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ile kompyuta niliyowatumia mwaka juzi bado inaendeshwa na programu kuu ya zamani. Programu kuu ndiyo inayoiamsha mashine asubuhi na kuigawia kazi, bila hiyo ni sanduku tu. Walioitengeneza wameifanyia marekebisho na kutoa mpya. Hapa Dar kila ofisi imeshabadilisha, na zama hizi za soko huria anayechelewa kubadilika anakuta mwana si wake. Ndani ya bahasha hii kuna CD moja na flopi moja. Unatia flopi, unawasha mashine, unatia CD, unafuata maelekezo. Kazi ya saa moja, mtu yeyote anaiweza.

Usiogope dada. Dunia inakwenda mbele.

Mdogo wako,
Vitus (Fundi)


Kizwite, Sumbawanga
2 Aprili 2001

Mdogo wangu Vitus,

Salamu zako zimefika zikiwa zimelowa. Basi lilikwama siku mbili kabla ya Laela, na mfuko wa barua ukateremshwa kwenye matope pamoja na abiria.

Sisi hatujambo. Hofu tumeigawa, nusu juu yako na nusu juu ya mahindi, maana mvua ya mwaka huu haijui kunyamaza. Mama ana nguvu zake, ila macho yanazidi kuingia ukungu. Sura ya mtu anaitambua akiwa karibu sana, na daktari anasema ukungu huo haurudi nyuma. Alipouliza kama unakuja Pasaka nilimsomea ulivyoandika. Akahesabu vidole, akasema huu ni mwakani wa tano.

Kila asubuhi huifuta vumbi ile kompyuta kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha anakaa pembeni yake na kikapu cha maharage. Nilipomwambia avutie kiti jikoni kwenye moto alikataa. Anasema hiyo ndiyo uliyomletea badala yako, acha akae nayo.

Kuhusu CD. Mashine inafanya kazi, Vitus. Naiwasha saa mbili inaamka. Inachapa matangazo ya misiba, kadi za harusi, barua za wafugaji kwenda halmashauri na ratiba za kigango, na jioni naizima inalala. Kizwite nzima hakuna nyingine, na ndiyo inayotulisha mimi na Mama. Marehemu Baba alifundisha maksai wangapi? Na alisema nini miaka yote? Maksai aliyeshika jembe habadilishiwi jina katikati ya shamba. Ukimwita jina geni anasimama, anakugeukia, na mvua inakukuta hapo hapo. Mashine hii inalijua jina lake, niachie.

Lakini wewe ni fundi, nami si mtu wa kukataa bila kuuliza. Nikitia hiyo CD, kazi zangu zilizomo ndani zitabaki au zitafutika? Nijibu hilo tu. Kwa sasa nimeihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Dada yako,
Avelina


Kariakoo
6 Mei 2001

Dada yangu,

Shikamoo. Pokea na kanga doti moja ya Mama, nimechagua yenye rangi kali ili aione.

Suala la kuja nalifikiria kila siku. Tatizo ni kazi. Nikiondoka wiki moja tu, duka hili litasimama.

Hoja ya Baba naiheshimu, lakini Baba alikuwa anasema habari za ng'ombe. Programu ya zamani ina matundu ambayo wenyewe wameshayatangaza. Siku hizi kuna virusi vinavyoingia kwa flopi za wateja, na usipokuwa na marekebisho vinaingia ndani vinakaa kama wapangaji. Isitoshe wametangaza kwamba ile ya zamani hawaihudumii tena. Siku ikiumwa hakuna wa kuipokea.

Umeuliza kama kazi zako zitabaki. Hilo ni swali zuri. Kitaalamu zipo zinazobaki, na nyingine inategemea. Jambo la muhimu ni kufuata maelekezo.

Itie dada. Nakusihi kama fundi na kama ndugu.

Vitus


Kizwite
17 Juni 2001

Mdogo wangu Vitus,

Baridi imeingia. Watu wazima wanatembea mjini wamevaa makoti ya mitumba yaliyoshonewa nchi zenye theluji, na bado wanatetemeka. Ulezi umevunwa, Mama amepata kanga na anaivaa hata kwenda shambani. Rangi anaiona. Ameomba nikuulize tena lile swali lake la lini utakuja, nami nimekuuliza.

Sasa keti chini, barua hii ni ndefu.

Mwezi uliopita alikuja Mzee Mayunga, mfugaji yule aliyehamia Milepa, kule bondeni, na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Kila mwezi namchapia barua ya kuomba malisho, na kila mwezi anajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Akanikuta nasoma barua yako, akataka kujua, nikamwambia. Akawa upande wako. Akasema ng'ombe anapelekwa josho kuogeshwa dawa akiwa mzima, maana aliyekwisha kulala chini utampeleka kwa miguu ya nani? Wiki nzima lile josho halikunitoka kichwani, mpaka Jumatatu moja nikafungua kabati, nikatoa CD na kuitia. Kuitazama tu.

Kioo kikajaa Kiingereza, mistari juu ya mistari. Kule chini kabisa kulikuwa na vidude viwili: kimoja nakubali, kingine sikubali. Hapo nikatoa mkono wangu kwenye kipanya nikaukalia.

Vitus, mimi ndiye ninayechapa mikataba ya mtaa huu. Shamba, kiwanja, ng'ombe, hata baiskeli. Sijawahi kuona mtu wa Kizwite akikubali maandishi akiwa peke yake chumbani, bila kusomewa, bila mashahidi, bila balozi wa nyumba kumi. Mtu wa namna hiyo hapa tunasema kalewa. Kwa hiyo nikauchapa mkataba wote, ukatoka kurasa kumi na moja, nikampelekea Mwalimu Modesti autafsiri. Alikaa nao siku nne. Aliporudi alionekana amekonda.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikaa nyumbani. Balozi wetu Mzee Eustaki aliongoza kikao, Mayunga alipanda kutoka Milepa makusudi, na Mama alikuwepo. Mwalimu akasoma kifungu kwa kifungu. Mpaka cha nane watu walikuwa watulivu. Cha tisa kinasema kwamba mashine ikiharibika au kazi zikipotea kwa sababu ya CD hii, wenye CD hawahusiki na lolote. Mwalimu akaombwa arudie, akarudia. Mzee Eustaki akavua kofia.

“Mtu anakuuzia ng'ombe,” alisema, “halafu anaandika kabisa kwamba akifia njiani yeye hayumo. Na wewe unampa mkono?”

Mayunga, aliyesafiri kutoka bondeni kuja kuitetea CD, akahama upande papo hapo. Alisema hata mnadani, penye wezi wanaojulikana kwa majina, hajawahi kusikia maneno ya namna hiyo.

Basi hatukukataa, kwa sababu kukataa moja kwa moja si adabu. Tumerekebisha. Kifungu cha tisa tumekifuta kwa kalamu nyekundu na kuandika kwamba hasara itabebwa na pande zote mbili mbele ya balozi. Kile kinachosema ugomvi ukitokea utaamuliwa katika mahakama za kwao, tumeweka baraza la kata. Mwisho Mama akaomba aongeze chake. Nakinukuu: anayeileta CD hii aje nayo mwenyewe, aitie kwa mkono wake, na asiondoke mpaka mashine iwe imeamka vizuri asubuhi saba mfululizo.

Kilipita bila kupingwa. Nimeambatanisha nakala mbili. Tumeshasaini upande wa kushoto, Mayunga ameweka dole gumba, na balozi amegonga muhuri. Upande wa kulia tumeuacha wazi. Wafikishie wenyewe wasaini, nakala moja irudi.

Dada yako,
Avelina


Kariakoo
9 Julai 2001

Dada Avelina,

Shikamoo.

Mkataba ule haujadiliwi na mtu, dada. Ni kitufe tu. Dunia nzima watu wanabonyeza nakubali bila kusoma, mamilioni kwa mamilioni, na hakuna aliyeita balozi. Wenyewe wako ng'ambo, wala hawajui kama kuna Kizwite. Nimpelekee nani karatasi zenye dole gumba la Mayunga?

Niliwasomea hapa dukani wakacheka mpaka wakashika meza. Na mimi nilicheka, mpaka nilipofika kwenye kifungu cha Mama.

Hicho hakiwezekani, nimeshaeleza habari za kazi. Bonyezeni nakubali au acheni.

Vitus


Kariakoo
20 Agosti 2001

Dada yangu,

Shikamoo. Mbona kimya? Barua yangu ya Julai ilikuwa na haraka kidogo, nisamehe. Mama anaendeleaje? Mmeitia ile CD au bado?

Vitus


Kariakoo
23 Septemba 2001

Dada,

Shikamoo. Nimempa barua hii kondakta wa basi ili ifike upesi. Kama hamjaitia CD, msiitie kwanza. Wiki hii fundi wetu aliitia ya namna hiyo hiyo kwenye mashine ya mteja ikagoma kuamka, na kazi za miaka mitatu hazikuonekana tena. Kama mmeshaitia, basi niambieni ukweli, hata kama ni mbaya. Silali vizuri nikifikiria kwamba nimewakatia riziki yenu kwa mkono wangu.

Vitus


Kizwite
14 Oktoba 2001

Mdogo wangu Vitus,

Mashine ni nzima na sisi ni wazima. Kimya chetu kilikuwa cha kungoja sahihi, kwa maana mkataba haujarudi, na hapa kwetu anayengoja sahihi hapigi kelele. CD iko kabatini. Barua yako ya Julai Mama alisomewa yote, pamoja na pale ulipoandika hakiwezekani. Siku hizi ananitambua kwa hatua zangu, si kwa sura.

Jambo moja limenisumbua. Umeandika “fundi wetu.” Nimelisoma mara mbili, nikampa na Mwalimu Modesti alisome. Sisi tulidhani fundi ni wewe.

Avelina


Kariakoo
11 Novemba 2001

Dada yangu Avelina,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana. Dada, mimi si fundi. Sijawahi kuwa fundi. Kazi yangu kwa miaka yote hii ni kupokea maboksi yakitoka bandarini na kufunga mizigo ya kwenda mikoani. Fundi ni Shigela. Yeye ndiye aliyeijaribu kompyuta yenu kabla sijaituma, na lile jibu la “zipo zinazobaki” ni mimi nililitunga kwa sababu siku ile Shigela hakuwepo.

Nilipoondoka nilimwambia Mama nakwenda kusomea ufundi. Chuo kilinishinda muhula wa kwanza. Nikaandika kwamba naendelea vizuri, ukamwambia paroko, paroko akatangaza kigangoni, na ikawa hivyo. Nikija leo masista wataniletea jenereta lao, watu watapanga foleni na redio zao, na mimi nitasimama mbele ya Mama nikiwa na bisibisi nisiyoijua. Ndiyo maana kila mwaka nasema mwakani. CD niliituma kwa sababu nilitaka nikutumie kitu cha kifundi, mzidi kuamini. Dada, naona aibu hata kuandika.

Mwambie Mama kwa namna utakayoona inafaa.

Vitus


Kizwite
3 Desemba 2001

Mdogo wangu Vitus,

Barua yako nimemsomea Mama neno kwa neno, maana namna inayofaa ni hiyo tu.

Tulijua. Siku ile kompyuta ilipofika, mwaka 1999, macho ya Mama yalikuwa bado yanaona vizuri. Aliukagua mzigo kabla sijaukata kamba. Kila fundo limefungwa mara mbili, kila kona ina kadibodi, nyaya zimekunjwa na kufungwa kwa utepe, hata kile kioo umekivalisha blanketi lako la shule. Akasema, “Fundi hafungi hivi, fundi ana haraka. Huyu kazi yake ni kufunga mizigo, na anaijua.” Zaidi ya kilomita elfu moja, na mwisho wake wote matope, hakikupasuka kitu. Alijivuna kwa mzigo ule wiki nzima. Tukaendelea kusema fundi kwa sababu wewe ulisema fundi, na si desturi yetu kumvua mtu koti aliloamua kulivaa.

Kwa masista nilishasema zamani kwamba unashughulika na mashine kubwa tu.

Nami nina kosa langu. Ningeandika haya miaka miwili iliyopita ungekuja ukiona njia. Nilikukasirikia, Vitus. Kila uliposema mwakani ni mimi niliyemsomea Mama, na ni mimi niliyemtazama akisikiliza.

Kisome tena kile kifungu cha mwisho. Hakijataja fundi mahali popote. Kinasema anayeileta.

Dada yako,
Avelina


Kariakoo
20 Desemba 2001

Dada yangu,

Shikamoo wewe na Mama.

Nakala yenu hii hapa, nimesaini upande wa kulia. Shahidi wangu ni Shigela, ambaye pia ameniandikia maelekezo ya kurasa sita na kuniapisha nisiyaruke. Natoka hapa tarehe mosi Januari. CD yenu isiguswe, naleta nyingine iliyokaguliwa.

Vitus


Kizwite
17 Februari 2002

Mdogo wangu Vitus,

Kadi yako imefika, tumefurahi kujua umefika salama na kazi umeikuta. Mama anakusalimu kwanza. Amesema niandike hivyo, kwanza.

Mashine inaendelea vizuri. Rangi zake zimebadilika na mlio wa kuamka ni mwingine. Mayunga anadai barua zake sasa zinatoka na herufi zilizonona, na amejibiwa kwa mara ya kwanza kwamba suala lake limepokelewa, kwa hiyo anaisifu CD popote anapopita. Kazi zangu zote zimo. Ile saa yako moja, iliyoanza baada ya kifungua kinywa ikaisha jua linazama, Mwalimu Modesti anaisimulia shuleni. Anasema ulisoma kurasa za Shigela kwa sauti kama masomo ya Ijumaa Kuu, na watu wote tisa chumbani tulisimama.

Lakini leo nataka kuzungumza habari ya asubuhi ya sita.

Unakumbuka ilikuwa Jumapili. Siku tano mashine imeamka vizuri, balozi anaweka alama ukutani kwa mkaa, imebaki hiyo na moja, na tiketi yako ya Jumanne iko mfukoni. Ukaiwasha, kioo kikabaki cheusi. Herufi A peke yake na kimstari kinakonyeza. Ulivyotoka jasho na baridi ile ya mvua, nilikuonea huruma. Ukasema umeiua. Jumatatu ukaenda posta kumpigia Shigela, simu ikakatika katikati ya maelezo. Jumanne basi likaondoka bila wewe. Jumatano Mama, akiifuta vumbi kama kawaida yake, akasema kuna kitufe kimechomoza hapa mbele ambacho siku zote huwa kimelala. Ukakibonyeza, ikatoka flopi. Mashine ilikuwa inajaribu kuamkia kwenye flopi. Ukaitoa, ukawasha, ikaamka kana kwamba haikuwahi kulala.

Balozi akafuta alama zake zote ukutani akaanza upya, kwa kuwa mkataba unasema mfululizo. Ndivyo ulivyokaa mpaka tarehe ishirini na nne, ukapalilia mahindi yote ya upande wa juu, na Mama akapata muda wa kukushika uso kila asubuhi mpaka akaukariri.

Wewe ulijilaumu kwamba uliisahau flopi ndani. Hukuisahau, Vitus. Ile Jumatatu ya kwanza ulipomaliza kazi niliiona kwa macho yangu ukiirudisha kwenye bahasha, bahasha ukaiweka rafuni. Siku tano mashine isingeamka hata mara moja kama ingekuwa humo. Na ile Jumapili asubuhi mimi nilikuwa misa ya kwanza, wewe ulikuwa kisimani. Nyumbani alibaki mtu mmoja.

Juzi nilimuuliza. Alikuwa amekaa pale pale pembeni ya mashine na kikapu chake. Akanijibu kwamba yeye ni mtu asiyeona, flopi angeijuaje.

Akachambua maharage kidogo. Kisha akataka nikuandikie leo leo, nikuulize kama wale watu wameshatoa marekebisho mengine.

Dada yako,
Avelina